Breveti, siri au huria: njia tatu za programu iliyoandikwa Lubumbashi

"Yaya, naogopa batu bataniibia hii programu. Breveti banatoaka wapi?"

Mdogo wangu mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, aliniuliza hivyo tukiwa tumeketi nyuma ya depo ya mama yake, katikati ya makatoni ya tomsoni, samaki wale wa barafu. Programu yenyewe nilikuwa nimeiona ikifanya kazi. Wauzaji wawili, simu mbili, mtandao hakuna. Kila mmoja anaandika anachouza, kwa franka au kwa dola, kwa kiwango cha asubuhi ile. Usiku mtandao ukirudi, simu zinapatana zenyewe. Ikitokea wote wawili wameuza katoni ile ile ya mwisho, programu haifuti mauzo ya mtu. Inaandika kwamba imepungua katoni moja, inaweka majina ya wauzaji wote wawili, na uamuzi inamwachia mama. Kazi safi.

Hofu yake naielewa, maana mimi nilishaungua. Miaka kadhaa iliyopita nilimpa mteja msimbo wote, yaani maandishi yenyewe ya programu, kwenye flashi, bila karatasi hata moja. Mwaka uliofuata nikaukuta kwenye duka jingine upande wa Kampemba, rangi mpya, jina jipya, lakini kosa langu la kuandika bado limekaa pale chini ya risiti: "Jumla ya kulipua" badala ya "kulipwa". Nilicheka kwanza, hasira zikaja baadaye. Na bado nakuambia breveti isingenisaidia siku ile. Ndiyo maana nimeona niziweke njia hizi kando kwa kando, kwa ajili ya yeyote anayejiuliza kama mdogo wangu.

Kwanza maneno, maana hapa kwetu yanagongana. Tunachokiita breveti, wenzetu wa Nairobi na Dar es Salaam wanakiita hataza. Na nikisema leseni hapa chini, nina maana ya ruhusa ya kutumia programu. Sisemi lisansi ile ya UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ambayo mtu anaisherehekea kwa kumwagiwa unga.

Njia ni tatu. Breveti: serikali inakupa haki ya kuwazuia wengine wasitumie uvumbuzi wako kwa muda fulani, na wewe kwa upande wako unaueleza hadharani. Siri: msimbo unabaki kwako, unauza matumizi tu, na mgongoni kwako imesimama haki ya mwandishi. Huria: unaachia msimbo watu wausome, waubadilishe, waugawe, kwa masharti unayoyaandika wewe kwenye leseni.

Nitazipima kwa maswali matano: kinacholindwa ni nini hasa, unalipa nini, ulinzi unaishia mpaka gani, wavumbuzi wengine wanabaki na nini, na je, ukibadili mawazo unaweza kurudi nyuma.

Kinacholindwa ni nini hasa

Breveti inalinda mbinu, yaani namna ya kutatua tatizo. Hata kijana wa Kolwezi ambaye hajawahi kukuona wala kuuona msimbo wako, akiifikia mbinu ile ile kwa akili yake mwenyewe, breveti inamzuia. Nguvu yake yote iko hapo, na malalamiko yote dhidi yake yanatoka hapo hapo. Ila mlango wake ni mwembamba: mbinu iwe mpya duniani kote, isiwe ya wazi kwa fundi yeyote wa kazi hiyo, na iweze kutumika katika uzalishaji.

Kwa programu mlango unazidi kubana. Mkataba wa Ulaya wa 1973 unasema programu ya kompyuta, ikiwa peke yake, si uvumbuzi wa kupewa hataza. Bunge la Ulaya lilipoletewa mswada ambao wapinzani wake waliona ungefungua mlango huo, tarehe 6 Julai 2005 liliukataa kwa kura 648 dhidi ya 14. Marekani ilikuwa na mkono mlegevu zaidi. Mwaka 1981 Mahakama ya Juu yake ilikubali hataza ya mtambo wa kupika mpira uliokuwa ukiongozwa na kompyuta, na baada ya hapo watu wakapata hataza za kila aina. Mwaka 2014, katika kesi ya Alice dhidi ya CLS Bank, mahakama hiyo hiyo ikasema kwamba wazo la kibiashara haligeuki kuwa uvumbuzi kwa sababu tu limewekwa ndani ya kompyuta.

Sasa rudi deponi. Hesabu za franka na dola ni biashara ya kila siku. Zile simu kupatana bila mtandao ni akili nzuri, lakini watafiti wa Ufaransa na Ureno waliandika mbinu za jamii hiyo mwaka 2011. Mdogo wangu hakuwa amewasoma, naye alifika huko kwa njia yake. Afisa wa breveti hajali umefika kwa njia gani. Akishajua ilikuwepo, basi.

Siri inalinda kwa namna mbili. Haki ya mwandishi inalinda maandishi yenyewe, mistari uliyoiandika, bila kugusa wazo lililo ndani yake. Inazaliwa siku unayoandika. Kongo ina sheria ya haki hiyo tangu tarehe 5 Aprili 1986, na makubaliano ya Shirika la Biashara Duniani yanataka programu ilindwe kama andiko la fasihi. Yule wa Kampemba aliigusa haki hiyo, na "kulipua" yangu ndiyo ilikuwa shahidi: hakuna mtu anayebuni kosa lile lile kwa bahati. Namna ya pili ni ufichaji wenyewe, nao ni imara kadiri ya mahali ulipouweka msimbo. Programu ya Android iliyomo kwenye simu ya mteja, fundi mwenye subira anaifungua na kuchungulia ndani. Iliyobaki kwenye seva yako, yaani kompyuta yako ambayo simu zinaifikia kwa mtandao, hawezi kuichungulia.

Huria nayo imesimama juu ya haki hiyo hiyo ya mwandishi, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Wanadhani huria maana yake haina mwenyewe. Mwenyewe yupo, na masharti yake yanafungua au yanabana. Leseni ya MIT inasema chukua, fanya utakalo, jina langu tu usiliondoe. GPL inasema chukua, lakini ukiigawa baada ya kuibadilisha, na wewe utoe msimbo wako kwa masharti haya haya. Si maneno ya kupamba, maana mwaka 2004 mahakama ya Munich nchini Ujerumani ilimzuia muuzaji wa vifaa vya mtandao aliyekuwa akisambaza programu ya GPL bila kutimiza masharti.

Unalipa nini

Breveti ya Kongo inaongozwa na sheria ya tarehe 7 Januari 1982, na kazi hiyo iko chini ya Wizara ya Viwanda, Kinshasa. Kwa mtu wa Lubumbashi hiyo tayari ni tiketi ya ndege, au mwakilishi wa kumlipa. Kuna ada ya kuomba, ada za kuiweka hai, na kuna kazi ya kuandika madai, yaani sentensi zile zinazosema haki yako inaanzia hapa na kuishia pale. Hizo zinataka mtaalamu, maana neno moja likikaa vibaya jirani anapita pembeni. Ukitaka ulinzi Marekani au Ulaya, hesabu ni maelfu ya dola kwa kila upande. Na hizo zote ni pesa za kupata karatasi. Kumpeleka mtu mahakamani ni bajeti nyingine kabisa.

Siri ni rahisi kuianza: mkataba wa kurasa mbili na mteja, sentensi moja inayosema msimbo ni wa nani, nyingine inayokataza kuunakili. Ningeyajua hayo mapema! Bei yake inakuja pole pole. Kila kosa unalirekebisha wewe. Ukilala na malaria wiki nzima, depo kumi zinakusubiri.

Huria haina ada. Inakula muda: kuandika maelezo, kumjibu mtu wa Brazil aliyeuliza swali saa nane za usiku, kukagua mabadiliko ya watu usiowajua. Inakula mega za intaneti pia, na anayenunua mega kwa siku anajua maana yake.

Ulinzi unaishia wapi

Breveti haivuki mpaka. Uliyopewa Kinshasa inaishia kwenye kizuizi cha Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na lori linaendelea na safari bila yenyewe. Nchi nyingi za Afrika zimepunguza shida hii kwa kujiunga pamoja katika mashirika ya hataza: Brazzaville, ng'ambo tu ya mto, imo katika OAPI yenye makao Yaoundé, na Zambia imo katika ARIPO yenye makao Harare, ambayo mkataba wake ulitiwa saini Lusaka mwaka 1976. Kongo yetu haimo humu wala humo. Tulichonacho ni Mkataba wa Paris wa mali ya viwanda: ukiomba hapa, una miezi 12 ya kuomba katika nchi nyingine wanachama na kuhesabiwa tarehe ile ile ya kwanza.

Mpaka huo unafanya kazi kwa pande zote mbili, jambo ambalo vijana wetu wanalisahau. Hataza ya Marekani haimzuii mtu wa Katuba anayeuza Katuba. Siku akianza kuuza Chicago, itamhusu.

Haki ya mwandishi inavuka. Mkataba wa Berne una nchi wanachama zaidi ya 170, na Kongo ni mojawapo. Kwa hiyo siri na huria zote mbili zinasafiri vizuri kuliko breveti, na kwa programu ambayo mteja wake wa pili huenda akawa Ndola au Kitwe, kule Zambia, hilo si dogo.

Wavumbuzi wengine wanabaki na nini

Hapa niruhusu nikae kidogo, maana mabishano makubwa yako hapa.

Chukua picha za GIF. Kampuni ya CompuServe ilitoa muundo huo mwaka 1987, na watu wakautumia kila mahali. Ndani yake kulikuwa na mbinu ya kubana data ambayo hataza yake ilikuwa mali ya kampuni ya Unisys. Mwishoni mwa 1994 ikatangazwa kwamba watengenezaji wa programu zinazotumia GIF watalipia leseni. Watu wakakasirika, na katika hasira hiyo wakatengeneza muundo mpya usiodaiwa na mtu: PNG, uliokamilika 1996. Hataza ile ilikwisha Marekani mwaka 2003. Anayeipenda hataza atakuambia unaona, imewalazimisha watu kubuni kitu bora. Asiyeipenda atakuambia miezi yote ile ilitumika kuzunguka ukuta ambao haukuhitajika kujengwa. Mimi naona wote wawili wanasema kweli, ila mvumbuzi mdogo asiye na kundi la kujenga PNG yake hana wa kumsemea.

Muziki wa MP3 ulikuwa vivyo hivyo. Kwa miaka mingi Fedora, moja ya matoleo maarufu ya Linux, mfumo huria wa kuendesha kompyuta, haikuweza kuja na uwezo wa kucheza MP3 kwa sababu ya hataza. Kucheza kuliruhusiwa mwishoni mwa 2016, na mpango wa leseni wa Fraunhofer, taasisi ya Ujerumani iliyokuwa ikitoza hataza hizo, ulipofungwa Aprili 2017, mlango ukafunguka wote, hata wa kutengeneza MP3. Programu huria zina shida maalumu hapa: leseni nyingi za hataza zinahesabu malipo kwa kila nakala, na programu ambayo yeyote anaweza kuinakili haina mtu wa kuhesabu nakala.

Upande wa pili wa mizani upo, na nisiufiche. Hataza inamlazimisha mtu kuandika mbinu yake, na ikiisha baada ya miaka 20 inabaki kwa wote. Siri haikuachii chochote: mwenyewe akifunga kazi, maarifa yanaondoka naye. Na kwa kitu chenye mwili, kama roboti za alumini zilizoanza kuongoza magari Kinshasa mwaka 2013, mwekezaji anayetaka kutia pesa kwenye karakana anapenda kuona karatasi.

Na walio huria hawakukaa tu. Leseni ya Apache 2.0, ya mwaka 2004, ina kifungu ambacho anayechangia msimbo anatoa ruhusa ya hataza zake zinazohusika, na mtumiaji akifungua kesi ya hataza kudai kwamba programu hiyo inamkiuka, ruhusa hiyo anaipoteza. MIT haitaji hataza hata kwa neno moja. Mwaka 2005 IBM, Red Hat, Sony, Philips na Novell walianzisha Open Invention Network, kundi la kuahidiana kutoshtakiana kuhusu Linux. Microsoft, ambayo mwaka 2007 ilikuwa ikidai kwamba Linux na wenzake wanakiuka hataza zake 235, ilijiunga na kundi hilo Oktoba 2018. Hata hivyo huria si kinga ya moto: mwaka 2019 taasisi ya GNOME, inayotengeneza programu huria za Linux, ilishtakiwa Marekani kwa sababu ya programu ya kupanga picha. Kesi ikaisha kwa makubaliano mwaka 2020.

Kwetu huku matunda ya huria tunayala bila kuuliza mti. Kila mtu anayekusanya majibu ya utafiti Goma na Bukavu anaijua Kobo, fomu ile ya maswali kwenye simu yake. Imejengwa juu ya ODK, programu huria. Takwimu za zona za afya zinapita kwenye DHIS2 iliyotoka Chuo Kikuu cha Oslo, huria nayo. Mdogo wangu mwenyewe, programu yake nzima ameijenga kwa vifaa ambavyo hakulipia hata franka. Nilipomwonyesha orodha yake alinyamaza kidogo.

Je, unaweza kurudi nyuma

Swali hili halipendwi, na ndilo linalochoma baadaye. Kutoka siri kwenda huria unaweza siku yoyote. Kutoka breveti kwenda huria unaweza pia. Kutoka huria kwenda breveti, katika nchi nyingi haiwezekani, kwa sababu ukishatangaza mbinu si mpya tena. Waliobuni RSA, usimbaji wa siri ambao benki na intaneti viliutegemea kwa miaka, mbinu yao ilichapishwa katika gazeti la Scientific American Agosti 1977, kabla hawajaomba hataza Desemba. Marekani inavumilia mwaka mmoja, kwa hiyo walipewa huko. Nje ya Marekani walikuwa wamechelewa. Unakumbuka video zako za kuonyesha programu kwenye kundi la WhatsApp? Nazo ni kutangaza.

Mlango huo huo una faida kwa asiyetaka breveti: ukichapisha mbinu yako yenye tarehe, hakuna wa kuja kesho kupata hataza halali juu yake.

Na nakala uliyokwisha kuitoa kwa leseni huria huwezi kuiita irudi nyumbani. Toleo lijalo unaweza kulifunga, la jana limekwenda.

Kwa hali yako

Kama umetengeneza kifaa, tuseme kisanduku kinacholinda friji umeme ukipanda na kushuka, na ndani yake kuna mbinu ambayo umeitafuta kwa bidii na hukuikuta popote, usiionyeshe kwa mtu. Ongea na mtaalamu wa breveti kwanza, na uamue soko lako ni nchi zipi, maana huko ndiko utakakolipa. Usiombe Kongo peke yake kama wanunuzi wako wote watakuwa Zambia.

Kama unauza huduma kwa maduka, shule au farmasi, na thamani yako ni kwamba unaijua kazi ya mteja, siri na mkataba vinatosha. Weka akili ya programu kwenye seva, acha simuni kile tu kinachohitajika mtandao ukikosekana. Weka na mtu wa pili anayejua nywila.

Kama unatafuta kazi au wateja wa mbali na hakuna anayekujua, huria ndiyo barua yako ya kujitambulisha. Chagua Apache 2.0 ukihofia hataza za watu, MIT ukitaka wepesi. Na usiache msimbo hadharani bila leseni yoyote: kisheria hapo hujaufungua, wengine hawana ruhusa ya kuutumia, na aliye mwangalifu atakukimbia.

Kama unaogopa kampuni kubwa ichukue kazi yako na kuifunga, GPL inafaa, au AGPL ikiwa programu inakaa kwenye seva, kwa sababu AGPL inamdai msimbo hata anayeibadilisha na kuitumikisha kwa mtandao bila kuigawa. Unaweza pia kuuza leseni ya pili kwa asiyetaka masharti hayo, kama MySQL, programu ya kuhifadhi data, ilivyofanya, ilimradi msimbo wote ni wako.

Kama kazi unaifanya kwa ajili ya wizara, asasi au mfadhili, soma mkataba kabla ya kuchagua chochote. Huenda si wewe wa kuchagua.

Mdogo wangu alizigawanya. Ile sehemu ya simu kupatana ameitoa kwa Apache 2.0, na mtu wa Kampala keshampelekea marekebisho mawili. Risiti, bei na ripoti ya mama amezifunga, na kila depo inatia saini karatasi moja. Risiti nilimsomea mimi kabla hajaichapa, hadi mstari wa mwisho. Iliandikwa "kulipwa".